Kupumua kwa kinywa: Mazoea yanayoharibu meno ya watoto kimyakimya

NI jambo la kawaida mzazi kuingia chumbani usiku wa manane kumfunika mwanawe blanketi na kumkuta amelala chali, kinywa wazi, akikoroma kama mtu mzima aliyetoka kulima kutwa. Asubuhi mto huwa umelowa udenda, midomo ya mtoto imekauka hadi kupasuka na pumzi yake ina harufu nzito. Nyanya atasema kwamba babu yake pia alilala vivyo hivyo. Shangazi atasema ni mafua ya msimu wa baridi na kwamba ataacha akikua.

Huenda wakawa wamesema kweli. Mtoto yeyote aliyezibwa pua na mafua hupumua kwa kinywa siku kadhaa, kisha mambo yakarejea kawaida. Hata hivyo, hali hiyo inapoendelea wiki baada ya wiki, mtoto akawa anaachama mchana darasani na usiku kitandani, hayo si mafua tena. Ni ishara kwamba kuna kizuizi katika njia ya hewa, na gharama yake aghalabu hulipwa na meno, fizi na taya zinazoendelea kukua.

Tatizo lenyewe halina maumivu ya ghafla yanayomkimbiza mzazi hospitalini. Hujenga athari zake polepole, na wazazi wengi hufika kwa daktari wa meno baada ya meno ya kudumu kuota yakiwa yamepinda au yamechomoza. Wakati huo, matibabu huwa marefu na ghali kuliko ambavyo yangekuwa miaka michache kabla.

Kazi ya pua

Pua haikuumbwa kwa ajili ya kunusa pekee. Ni kiwanda kidogo kinachoitayarisha hewa kabla haijafika mapafuni. Vinyweleo na ute ulio ndani yake hunasa vumbi, chembechembe za moshi na viini vya magonjwa. Mishipa mingi ya damu iliyo karibu na ngozi laini ya ndani huipasha hewa joto, huku unyevu wa pua ukiizuia isifike kooni ikiwa kavu.

Fauka ya hayo, mianzi iliyo ndani ya mifupa inayozunguka pua hutoa gesi ya naitriki oksaidi, ambayo huvutwa pamoja na hewa. Gesi hiyo husaidia kupanua mishipa ya damu mapafuni na kupambana na viini. Anayepumua kwa kinywa huikosa sehemu kubwa ya huduma hizi zote. Hewa humfikia ikiwa baridi, kavu na chafu.

Mtoto mchanga huonyesha wazi jinsi maumbile yalivyoipendelea pua. Katika miezi yake ya kwanza hupumua kwa pua karibu wakati wote, na ndiyo maana huweza kunyonya titi na kuvuta hewa bila kusitasita. Pua ya mtoto huyo ikiziba, kunyonya humtaabisha na hulia kwa hasira. Kinywa ni njia ya akiba, ya kutumiwa wakati wa dharura au wakati mtu anapokimbia mbio. Njia ya akiba inapogeuzwa kuwa barabara kuu, ndipo matatizo huanza.

Kwa nini mtoto aachame

Sababu inayoongoza miongoni mwa watoto wa umri wa kwenda chekechea na madarasa ya chini ya shule ya msingi ni kuvimba kwa tezi zilizo nyuma ya pua, juu ya koo, ambazo madaktari huziita adenoidi. Tezi hizi ni sehemu ya kinga ya mwili. Hukua kwa kasi kati ya umri wa miaka 2 na 7, kisha hunywea mtoto anapokaribia kubalehe. Kwa kuwa koo la mtoto ni jembamba, tezi zikivimba kupita kiasi huziba njia ya hewa kama kizibo cha chupa. Mzazi hawezi kuziona kwa kumfungua mtoto kinywa na kumulika tochi, kwani zimejificha nyuma ya kaakaa.

Jirani za tezi hizo ni zile zilizo pande mbili za koo, tonsili, ambazo huonekana kwa macho. Nazo zikiwa kubwa mno huchangia kuibana njia ya hewa, hasa mtoto anapolala na misuli ya koo kulegea.

Sababu ya pili ni mzio, yaani aleji. Mtoto mwenye mzio wa pua hupiga chafya mfululizo, hutokwa na kamasi nyepesi kama maji, huwashwa na macho, na husugua pua kwa kiganja kuelekea juu hadi mkunjo mdogo ukatokea juu ya pua. Nchini Kenya vyanzo vya mzio si adimu: vumbi la barabara zisizo na lami, chavua ya nyasi na maua, manyoya ya wanyama, ukungu katika kuta zenye unyevu, na wadudu wadogo mno wasioonekana kwa macho wanaoishi katika magodoro, mito na mazulia. Moshi wa kuni, makaa, mafuta ya taa au sigara huichokoza zaidi pua iliyokwisha kudhurika. Tatizo hili halikuanza jana. Nairobi na Eldoret zilikuwa miongoni mwa vituo vilivyoshirikishwa katika uchunguzi mkubwa wa kimataifa kuhusu pumu na mizio ya watoto miaka ya 1990.

Zipo sababu nyingine. Ukuta unaotenganisha tundu mbili za pua waweza kuwa umepinda tangu kuzaliwa au baada ya mtoto kuanguka. Wengine huota vinyama ndani ya pua. Watoto wadogo nao wana hulka ya kujitia vitu puani: punje ya mahindi, haragwe, ushanga, kipande cha sifongo. Dalili ya jambo hilo ni kamasi nzito yenye uvundo inayotoka tundu moja tu. Kitu hicho kikiwa betri ndogo ya mviringo kama ile ya saa au kichezeo, hiyo ni dharura ya kumkimbiza mtoto hospitalini mara moja, kwani betri huweza kuunguza nyama ya pua kwa muda wa saa chache.

Mwisho, wapo watoto ambao kizuizi kilikwisha kuondoka lakini mazoea yakabaki. Misuli ya midomo imelegea, na kinywa kimezoea kuwa wazi. Hawa huhitaji kufundishwa upya namna ya kufumba midomo.

Mate yakikauka

Ili kufahamu jinsi meno yanavyodhurika, sharti kwanza mtu aelewe kazi ya mate. Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku. Mate hayo huosha mabaki ya chakula, hupunguza makali ya asidi, hubeba chembechembe za kinga na huyarudishia meno madini ya kalsiamu na fosfeti yaliyoyeyuka.

Kila mtoto anapokula kitu chenye sukari au wanga, bakteria walio katika ukoga wa meno huigeuza sukari hiyo kuwa asidi. Asidi hiyo hulainisha tabaka gumu la nje la jino, enameli. Baada ya muda mate huizimua na jino hupata nafuu. Jino huoza pale ambapo mashambulizi huwa mengi kuliko nafasi za kujitengeneza.

Usingizini, mate hupungua sana hata kwa mtoto mwenye afya njema. Yule anayelala kinywa wazi huyakausha hata hayo machache yaliyosalia. Meno ya mbele ya juu ndiyo huathirika zaidi kwa kuwa ndiyo yanayopigwa na hewa moja kwa moja. Mtoto huyo akiwa amelala na chupa ya maziwa au sharubati mdomoni, au baada ya kula biskuti bila kupiga mswaki, sukari hubaki juu ya meno usiku kucha bila wa kuiosha.

Ni vyema kusema kwamba si kila mtoto apumuaye kwa kinywa huozewa na meno. Matokeo ya tafiti kuhusu uhusiano huo hayajawiana kikamilifu, kwa sababu sukari, mswaki na dawa ya meno yenye floraidi vina uzito mkubwa zaidi. Kinywa kikavu huongeza hatari pale ambapo mambo hayo mengine yamepuuzwa. Katika nchi ambapo utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa 2015 ulionyesha kwamba takriban mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na meno yaliyooza, nyongeza yoyote ya hatari si ya kudharauliwa.

Uhusiano na ugonjwa wa fizi ni dhahiri zaidi. Fizi za meno ya mbele ya juu, zikikaukiwa kila usiku, huwa nyekundu, zikavimba na kung'aa, na hutoka damu mtoto anapopiga mswaki. Mara nyingi mzazi hudhani mtoto hasugui meno vizuri na humkaripia, ilhali fizi za nyuma, zinazofunikwa na mashavu, ziko salama. Tofauti hiyo baina ya mbele na nyuma ni kidokezo muhimu kwa daktari wa meno. Harufu mbaya ya kinywa asubuhi nayo hutokana na ukavu huohuo, ambao huwapa bakteria nafasi ya kuzaana bila bughudha.

Ulimi, mashavu na taya

Athari kubwa zaidi, na ngumu kurekebisha, ni ile inayohusu umbo la taya na mpangilio wa meno. Meno hukaa mahali ambapo nguvu za misuli huwa zimesawazika. Mtu anapofumba kinywa, ulimi hutulia juu, ukigusa kaakaa na kulisukuma taya la juu kuelekea nje. Mashavu na midomo nayo hulisukuma kuelekea ndani. Nguvu hizo mbili zikilingana, taya la juu hupanuka kama upinde na kuyapa meno yote nafasi.

Mtoto anayeachama hulazimika kuushusha ulimi ili hewa ipite. Kaakaa likakosa mhimili wake wa ndani, ilhali mashavu yaliyonyooka huendelea kubana kutoka nje. Kadiri miaka inavyosonga, taya la juu huwa jembamba, na kaakaa huinuka juu kama paa la nyumba ya msonge. Kwa kuwa kaakaa hilohilo ndilo sakafu ya pua, njia ya hewa puani nayo huzidi kufinyika. Hivyo tatizo huzaa tatizo.

Madaktari hutaja matokeo kadhaa. La kwanza ni meno kusongamana na kupandana kwa kukosa nafasi. La pili ni magego ya juu kuuma upande wa ndani wa yale ya chini, badala ya kuyafunika. La tatu ni meno ya mbele ya juu na ya chini kushindwa kukutana hata mtoto anapouma kwa nguvu, akawa hawezi kukata mkate au muwa kwa meno ya mbele. La nne ni meno ya mbele ya juu kuchomoza nje ya midomo. Meno kama hayo huvunjika kwa urahisi mtoto anapoanguka uwanjani.

Uso wenyewe hubadilika. Taya la chini likining'inia kila wakati hukua kuelekea chini na nyuma, uso ukawa mrefu na mwembamba, kidevu kikarudi ndani, mdomo wa juu ukaonekana mfupi na macho yakawa na weusi chini yake. Madaktari wa zamani waliuita uso huo kwa jina la zile tezi za nyuma ya pua. Walimu wengi waliudhania kuwa uso wa mtoto mzito wa akili, na yumkini watoto wengi waliadhibiwa kwa uzembe ambao haukuwa wao.

Yaliyogunduliwa na wanasayansi

Hoja kwamba kinywa wazi hudhuru mwili ina historia ndefu. Mwaka wa 1862, mchoraji wa Marekani, George Catlin, aliyekuwa ameishi miongoni mwa wenyeji asilia wa bara hilo, alichapisha kitabu akieleza jinsi akina mama wa jamii hizo walivyoifumba midomo ya watoto wao wachanga waliolala. Catlin hakuwa daktari, na mengi aliyodai yalipita kiasi.

Miaka sita baadaye, mwaka wa 1868, daktari Wilhelm Meyer wa Copenhagen, nchini Denmark, aliwaeleza wanatiba kuhusu tezi zilizovimba nyuma ya pua na jinsi zinavyoathiri kupumua, kusikia na hata kuzungumza kwa watoto. Mwanzoni mwa karne ya 20, Edward Angle wa Marekani, anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa taaluma ya kunyoosha meno, alihusisha kupumua kwa kinywa na aina fulani ya meno yaliyochomoza.

Mwaka wa 1970, Sten Linder-Aronson wa Uswidi alichapisha utafiti uliolinganisha watoto waliozibwa na tezi na wenzao waliopumua vyema. Wale wa kwanza walikuwa na nyuso ndefu zaidi na taya za juu nyembamba. Baadhi ya kasoro zilipungua baada ya tezi kuondolewa na watoto kurejea kupumua kwa pua. Naye Egil Harvold na wenzake, huko California, walizifunga pua za nyani wachanga na kuona meno na taya zao zikiharibika kwa namna mbalimbali. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 1981.

Hata hivyo, wanasayansi hawajafikia kauli moja kuhusu ukubwa wa athari hiyo kwa binadamu. Wapo watoto wenye nyuso ndefu ambao hupumua kwa pua bila shida, na wapo wanaoachama miaka mingi na meno yao yakabaki yamejipanga. Maumbile ya kurithi, kunyonya kidole gumba na matumizi ya chuchu bandia kwa muda mrefu pia yana mchango wake. Linalokubalika na wengi ni kwamba kizuizi cha muda mrefu puani, wakati taya zinapokua, huongeza uwezekano wa kasoro hizi na hufaa kuchunguzwa mapema.

Usingizi, masikio na masomo

Daktari wa meno anayemwona mtoto wa aina hii hawezi kukomea menoni. Kukoroma kila usiku, kukiandamana na pumzi kukatika kwa sekunde kadhaa kisha mtoto akashtuka kama anayepaliwa, ni dalili ya ugonjwa wa kukatizwa pumzi usingizini. Mtoto huyo hulala saa nyingi bila kupumzika. Baadhi hujikojolea ilhali walikwisha kuacha, hutokwa na jasho jingi na hulala wamerudisha shingo nyuma ili wapate hewa.

Mchana hali huwa tofauti na ya mtu mzima. Badala ya kusinzia, mtoto huenda akawa mkorofi, asiyetulia, mwepesi wa hasira na asiyeweza kuzingatia somo. Isitoshe, tezi zilizovimba zinaweza kuziba mfereji unaounganisha koo na sikio, majimaji yakakusanyika nyuma ya ngoma ya sikio na uwezo wa kusikia ukapungua. Mtoto asiyemsikia mwalimu vyema huonekana mkaidi.

Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka wa 2013 ulifuatilia watoto 464 wa umri wa miaka 5 hadi 9 waliokuwa na ugonjwa huo wa usingizi. Waliofanyiwa upasuaji mapema kuondolewa tezi na tonsili walipata nafuu zaidi katika usingizi, tabia na hali ya maisha kwa jumla, ingawa mitihani ya umakini haikuonyesha tofauti kubwa. La kuzingatiwa ni kwamba karibu nusu ya wale waliosubiri bila upasuaji nao walirejea kuwa na vipimo vya kawaida vya usingizi baada ya miezi saba. Kwa hivyo, si kila mtoto anayekoroma anahitaji kisu, na uamuzi huo ni wa daktari baada ya uchunguzi.

Dalili za kuangalia

Mzazi au mlezi anashauriwa kumtazama mtoto akiwa ametulia, bila yeye kujua kwamba anatazamwa, na pia saa moja au mbili baada ya kulala. Mambo yafuatayo yakidumu kwa majuma kadhaa, afadhali mtoto apelekwe kwa daktari:

- Kinywa kuwa wazi wakati mwingi, mchana na usiku, hata pasipo mafua.
- Kukoroma usiku mwingi, au pumzi kukatika usingizini.
- Midomo mikavu iliyopasuka, na mto kulowa udenda kila asubuhi.
- Fizi za mbele ya juu kuwa nyekundu na kutoka damu.
- Harufu mbaya ya kinywa licha ya kupiga mswaki.
- Kula polepole, kwa kelele, au kuacha kutafuna ili kuvuta pumzi.
- Sauti ya kuzungumzia puani kama mwenye mafua yasiyoisha.
- Meno ya mbele yasiyokutana, yaliyochomoza au yaliyosongamana.

Jaribio rahisi la nyumbani ni kushika kioo kidogo chini ya pua ya mtoto aliyelala. Ukungu ukitokea juu ya kioo, hewa inapita puani. Usipotokea, huenda pua imeziba. Jaribio hilo halitoshi kuthibitisha ugonjwa, bali humpa mzazi la kumweleza daktari. Video fupi ya mtoto akikoroma, iliyonaswa kwa simu, huwa na manufaa zaidi kwa kuwa mtoto huyo mara nyingi hupumua vyema akiwa macho kliniki.

Matibabu

Kanuni ya kwanza ni kuitafuta sababu kabla ya kunyoosha meno. Nyaya zikifungwa ilhali pua ingali imeziba, meno huweza kurudi yalikotoka mara tu zinapoondolewa. Kwa hivyo daktari wa meno hushirikiana na daktari wa masikio, pua na koo, na wakati mwingine na daktari wa watoto.

Mzio hutibiwa kwa kuepuka kinachouchochea, kuosha pua kwa maji ya chumvi na kutumia dawa za kupuliza puani zilizoagizwa na daktari. Dawa hizo huhitaji majuma kadhaa kuonyesha matokeo na wakati mwingine hupunguza uvimbe wa tezi pia. Matone ya kuzibua pua yanayouzwa madukani ni jambo jingine. Yakitumiwa kwa zaidi ya siku chache huifanya pua kuziba zaidi, na hayafai kupewa mtoto mdogo bila ushauri.

Tezi kubwa zisizosikia dawa huondolewa kwa upasuaji, mojawapo ya aina za upasuaji zinazofanywa mara nyingi zaidi kwa watoto duniani. Baada ya hapo, watoto wenye taya jembamba wanaweza kuwekewa kifaa kinacholipanua polepole. Kifaa hicho hufanya kazi vyema kabla ya kubalehe, wakati kiungo kilicho katikati ya kaakaa hakijashikana kuwa mfupa mmoja. Hapa ndipo methali ya samaki mkunje angali mbichi inapopata maana yake halisi. Chama cha wataalamu wa kunyoosha meno cha Marekani hupendekeza uchunguzi wa kwanza wa mpangilio wa meno usipite umri wa miaka 7, wakati magego ya kwanza ya kudumu na baadhi ya meno ya mbele yamekwisha kuota.

Wataalamu wa kunyoosha meno nchini wangali wachache na wengi wako mijini, ingawa Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa kikifunza madaktari wa meno tangu 1974. Mzazi wa kijijini anaweza kuanzia kwa afisa wa afya ya kinywa katika hospitali ya kaunti ndogo au ya kaunti, ambaye humwelekeza kwa mtaalamu. Inafaa pia kuuliza mapema ni huduma zipi zinazogharamiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, ili familia isishtukizwe na bili.

Yanayowezekana nyumbani

Wakati wa kusubiri matibabu, mengi yanaweza kufanywa kuyalinda meno. Mtoto apige mswaki mara mbili kwa siku, na ule wa usiku uwe jambo la mwisho kabla ya kulala. Baada yake asionje kitu isipokuwa maji. Dawa ya meno yenye floraidi itumiwe kwa kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, na cha punje ya njegere kwa wa miaka mitatu hadi sita. Katika sehemu za Bonde la Ufa kama vile Nakuru, Gilgil na Naivasha, ambako maji mengi ya visima yana floraidi nyingi hadi kuyatia meno madoa ya hudhurungi, mzazi amuulize daktari wa meno ushauri na ahakikishe mtoto anatema dawa hiyo.

Matandiko yaanikwe juani na kufuliwa kwa maji moto, na jiko la kuni au makaa liwekwe mbali na chumba cha kulala. Mtoto afunzwe kupenga kamasi tundu moja baada ya jingine. Maji ya kuosha pua yawe yamechemshwa kisha yakapoa.

Yasiyofaa

Katika baadhi ya jamii za Afrika Mashariki, mtoto anayekohoa, kukoroma au kuugua koo mara kwa mara hupelekwa kwa mkunga au mganga kukatwa kimio, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa. Madaktari wanaonya kwamba kimio si chanzo cha kuziba pua. Kukikata kwa wembe au kisu kisicho safi kumesababisha vifo vya watoto kutokana na kuvuja damu na maambukizi. Vivyo hivyo desturi ya kuchimbua fizi za watoto wachanga ili kuondoa yale yaitwayo meno ya plastiki: yanayong'olewa huwa ni machipukizi ya meno halisi, na madhara yake humfuata mtoto hadi ukubwani.

Mtindo mpya umeenezwa na mitandao ya kijamii, wa kuubandika mdomo kwa utepe usiku ili kumlazimisha mtu apumue kwa pua. Kwa mtoto, hasa aliyeziba pua, jambo hilo ni la hatari. Mtoto huachama kwa kuwa anatafuta hewa, na kumfunga njia ya pekee iliyosalia kunaweza kumkosesha pumzi au kumpalia akitapika.

Kumgombeza mtoto afumbe mdomo nako hakumsaidii iwapo pua haipitishi hewa. Analohitaji ni mtu mzima atakayelichukulia kwa uzito jambo ambalo wengine wanalicheka, akampeleka achunguzwe kabla taya hazijakomaa.